Mvumo Juu ya Korido

MAELEZO YA SHAHIDI
Idara ya Polisi, Mji wa Los Almendros, California

Jina la shahidi: Delfina Toste
Umri: Miaka 16
Kazi: Mwanafunzi wa sekondari
Makazi: Nyumbani kwa bibi yake, Mtaa wa Quince. Kwa sasa amehifadhiwa kwa jirani.
Tarehe: Jumanne, 14 Machi 2017, saa nane na dakika hamsini mchana

Mimi Delfina Toste naandika maelezo haya kwa hiari yangu, katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi, mlango ukiwa umefungwa. Nilimwomba Mpelelezi Oakes aniruhusu kuandika badala ya kusema, kwa sababu nikisema mbele ya mtu mzima koo hunikauka. Amenipa karatasi na kalamu, akasema niandike kwa lugha yoyote kati ya mbili ninazosomea shuleni. Nimechagua Kireno. Mjomba wangu hukizungumza vizuri, lakini kukisoma hukisoma kwa kidole, neno moja moja.

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Kaka yangu Valdemar, mliyemshika tangu Jumapili kwa kosa la kuichoma nyumba ya bibi yetu, alipanda darini siku ile kwa sababu mimi nilimtuma. Na mtu aliyeusababisha moto namjua. Nilimmulikia tochi akiusababisha.

Mpelelezi amenieleza kwamba kwa umri wangu ni lazima mlezi ajulishwe. Mlezi wangu ni Bibi, lakini simu ya Bibi tangu moto anayo Mjomba. Kwa hiyo aliyepokea ni Mjomba, na amesema anakuja. Kutoka karakana yake hadi hapa ni dakika ishirini kwa gari. Nitaandika haraka. Nimeulaza mkono wa kushoto juu ya karatasi ili mtu akifungua mlango asione kitu.

Mimi na kaka yangu tunaishi kwa Bibi Idalina Borba, mama wa mama yetu, mwenye miaka sabini na minane. Mama alifariki nikiwa na miaka tisa. Baba alirudi kwao Ureno, kisiwani Terceira, na hutupigia simu Krismasi. Kaka, tunayemwita Valdo, ana miaka kumi na tisa na hukamua ng'ombe kwenye shamba la maziwa nje ya mji. Mjomba ni Gilberto Borba, mdogo wake Mama. Yeye ni fundi wa mashine za kukamulia, na hakuna shamba hapa ambalo mashine zake hazijapita mikononi mwake. Ndiyo maana hakuna anayembishia habari za umeme.

Nyumba ya Bibi ilijengwa mwaka 1957, na swichi zake si kama za nyumba nyingine. Ni vidude vyembamba vya rangi ya maziwa. Ukibonyeza juu, taa inawaka. Ukibonyeza chini, inazimika. Ukiachia, swichi inarudi katikati yenyewe. Nyuma yake hakuna umeme mkubwa, kuna nyaya tatu nyembamba kama za kengele ya mlango. Umeme mkubwa uko darini, kwenye vikopo vya chuma viitwavyo rilei, kila taa na rilei yake. Kidole kikibonyeza, umeme mdogo unaigusa rilei mara moja tu, nayo inasema tak, halafu inapumzika. Tangu nizaliwe nimeisikia tak ile juu ya kichwa changu.

Kando ya kitanda cha Bibi kuna bao la vitufe, kimoja kwa kila taa ya nyumba. Kila jioni akimaliza rozari, Bibi huilaza nyumba. Hubonyeza kimoja kimoja na kuita: "Jikoni, lala. Sebule, lala. Korido, lala. Fina, lala na wewe mwanangu." Na dari inamwitikia, tak, tak, tak. Naandika haya kwa sababu yanahusika.

Mnamo Jumamosi tarehe 25 Februari, asubuhi, Mjomba alikuja na sanduku lake la vifaa. Swichi ya korido ilikuwa imechoka, inataka kubonyezwa mara tatu ndipo isikie. Vipuri vyake havipo tena madukani hapa mjini. Tena Mjomba alikuwa anataka nyumba iuzwe, na alisema mnunuzi akiziona swichi zile atacheka na kuondoka.

"Mama, hizi takataka za zama za Nuhu nazing'oa zote," alisema. "Naanza na hii."

"Gil, usiiguse. Baba yako alisema zile haziwekewi swichi ya kawaida."

"Baba alikuwa anaogopa hata kibaniko cha mkate."

"Alikuwa anaogopa, ndiyo. Na alikufa kitandani kwake, na nyumba yake imesimama."

Mjomba alicheka, akambusu kwenye paji la uso, akaniita. "Bubu, njoo unimulikie." Jina langu kwake ni Bubu. Si kwa ubaya.

Aling'oa swichi ya zamani, akazikuta nyaya tatu. Akaingia kwenye sanduku na kutoa swichi nyeupe yenye skrubu tatu, zile za ngazini, ambazo taa moja huwashwa juu ya ngazi na kuzimwa chini yake. Nyaya tatu, skrubu tatu. Alifunga, akabonyeza. Tak, taa ikawaka. Akabonyeza tena. Tak, ikazimika.

"Mmeona?" alisema. "Dakika kumi. Fundi wa mji angekuja na vibali na mihuri mpaka Pasaka."

Ilifanya kazi, na hilo ndilo lililotuponza. Isingefanya kazi, angeing'oa siku ile ile.

Mimi nilikuwa nimeona tatizo. Wiki ile nilikuwa nimesoma kwenye simu habari za nyumba za namna hii, kwa kuwa nilitaka kumtafutia Bibi swichi kama yake. Iliandikwa kwamba rilei inataka kuguswa na kuachiwa. Ikishikiliwa, inachemka. Ile swichi nyeupe hairudi katikati. Ukiiweka juu inashikilia, ukiiweka chini inashikilia vilevile. Taa iwake au izimike, kule darini rilei haipati kupumzika. Nilifungua mdomo niseme. Mjomba akasema, "Tochi, Bubu, tochi! Unamulika ukuta." Nikaufunga.

Kuanzia siku hiyo, baada ya tak kulikuwa na kitu kinabaki. Mmmm, kama nyuki ndani ya chupa. Kilikuwa juu ya korido, karibu na mlango wa chumba changu. Mchana, redio ya Bibi ikiwa inalia, hukisikii. Mimi nilikuwa nakisikia hata nikiwa darasani. Siku ya tatu niliweka kiganja ukutani chini ya swichi, nikahisi kama ukuta unapumua. Niliacha kufunga mlango wa chumba changu. Nilikuwa nalala na viatu.

Mnamo Ijumaa tarehe 10 Machi tulikula pamoja, sisi wanne. Ilikuwa Kwaresima, na Bibi alikuwa ametupikia chewa na viazi. Tulipokuwa mezani alinyanyua pua.

"Kuna mtu anakaanga samaki darini," alisema.

"Mama, samaki yuko kwenye sahani yako."

"Huyu nimemchemsha. Naisikia harufu ya kukaanga. Jana pia niliisikia, na juzi."

"Ni Ijumaa ya Kwaresima, mtaa mzima unakaanga samaki," Mjomba alisema. Kisha akamkonyeza kaka. "Au ni malaika. Nao wamefunga, hawali nyama."

Tulicheka. Mimi pia nilicheka, na kooni nilikuwa na harufu ile ile tangu Jumatano, na Jumatano hakuna aliyekaanga samaki. Nilikuwa nimesoma kwamba plastiki ya nyaya ikiungua hunuka hivyo.

Baada ya chakula Mjomba alimvuta Valdo nje ya mlango wa jikoni. Nilikuwa naosha vyombo na dirisha lilikuwa wazi.

"Umemsikia? Kichwa kinaanza kuondoka. Jumatatu nampigia yule mama wa nyumba ya wazee."

"Bibi haendi popote."

"Wewe ni nani wa kusema haendi? Unakula hapa, unalala hapa, hata mpira wa kumwagilia bustani hujawahi kuukunja."

"Mimi naishi naye. Wewe unataka kumwuzia nyumba akiwa bado ndani."

"Kesho jioni nisikukute hapa, Valdo. Nimemaliza."

Bi. Haskell, jirani yetu, alikuwa anamwagilia waridi zake upande wa pili wa uzio. Aliyowaambia ninyi polisi kuhusu ugomvi ule ni kweli, hakuongeza kitu.

Mnamo Jumamosi tarehe 11 Machi, saa nane na nusu mchana, Bibi alikuwa amejilaza chumbani kwake. Valdo alikuwa anakunja nguo zake. Nilisimama mlangoni mwake mpaka akanicheka.

"Nini wewe? Umekuja kuniaga au kunihesabia soksi?"

"Kaka, darini kunavuma."

Akaacha kukunja. "Ohoo! Bubu kasema. Kunavuma nini?"

"Juu ya korido. Tangu Mjomba aweke ile swichi. Na samaki wa Bibi ni wa kweli. Panda ukaangalie, tafadhali."

"Kwa nini hukusema jana mezani?"

"Mjomba alikuwepo."

Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Nilimwambia, "Usimwambie mtu kwamba ni mimi niliyesema. Niapie."

"Naapa kwa kaburi la Mama. Haya, lete ngazi, bubu wangu."

Mlango wa darini uko kwenye gereji. Alipanda na tochi na koleo la Mjomba lililokuwa limebaki pale. Mimi nilishika ngazi. Nilimsikia akitambaa juu ya mbao hadi usawa wa korido, kisha nikamsikia akipiga ukelele mfupi, kama mtu aliyeshika pasi.

"Mungu wangu! Fina, hiki kidude kinaunguza. Hizi pamba zimeshakuwa mkaa. Kinanata kwenye mkono!"

"Shuka, kaka. Shuka!"

Alizisogeza zile pamba za kuzuia baridi zilizotandazwa darini mbali na rilei, na nadhani hapo ndipo hewa ilipoingia na moto ukashika, kwa sababu alishuka kwa kuruka, mikono myeusi, kiganja cha kulia kimevimba. Alikimbia nje kwenda kukata umeme kwenye sanduku lililo upande wa uzio wa Bi. Haskell. Hapo ndipo Bi. Haskell alipomwona akitoka mbio gereji na koleo mkononi. Mlango wa sanduku una kutu, haukufunguka upesi. Alipoukata umeme, moshi ulikuwa umeshaanza kuteremka kupitia taa ya korido.

Niliita jina la Bibi. Nilidhani naita kwa nguvu. Valdo aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nanong'ona. Yeye ndiye aliyeingia, akambeba Bibi mgongoni na kumtoa kwa mlango wa mbele. Bibi alikuwa anampiga begani na kusema, "Rozari yangu, we mtoto, rozari yangu!" Mimi nilipiga simu ya zimamoto. Waliponiuliza anwani, nilishindwa kuitamka mara ya kwanza. Walizima moto. Dari ya korido iliteketea pamoja na nusu ya chumba changu.

Jumapili tarehe 12 Machi, baada ya alfajiri, Bibi alinituma kutoka kwa Bi. Haskell nikamchukulie dawa zake. Niliingia kwa mlango wa jikoni. Mwanga ulikuwa unaingia kupitia tundu la dari. Mjomba alikuwa amesimama korido, buti kwenye maji, bisibisi mkononi. Swichi nyeupe ilikuwa imechomoza mfukoni mwa shati lake. Alikuwa anairudisha ile ya zamani ukutani.

"Fina," alisema. Hakuniita Bubu. "Umefuata nini?"

"Dawa za Bibi."

"Umeona nini?"

Alikuja karibu mpaka nikasikia harufu ya kahawa mdomoni mwake.

"Sikiliza. Watu wa bima wakijua niligusa nyaya bila kibali, hawajengi kitu. Bibi yako hatakuwa na pa kurudi. Atakwenda kwa wazee, na wewe serikali itakupeleka kwa watu usiowajua. Ndivyo unavyotaka?"

Nilitikisa kichwa kukataa.

"Valdo ni kijana. Watamshika siku mbili watamwachia, hawana ushahidi. Wewe nyamaza tu. Kunyamaza unakujua."

Kisha aliketi pale pale kwenye maji, akajifunika uso na bisibisi ikiwa bado mkononi. Alisema, "Ningemuua mama yangu." Alisema mara nyingi. Nilitaka kumshika bega na nilitaka kukimbia. Nilichukua dawa, nikakimbia. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Mama alipozikwa, yeye ndiye aliyenibeba njia nzima kutoka makaburini, na nilikuwa mkubwa wa kutembea. Ninaandika hivyo kwa sababu sitaki mtu asome na kudhani nimemchukia.

Mchana wa siku hiyo mlimchukua Valdo. Nimesikia kwamba akiulizwa alifuata nini darini, anasema hana la kusema. Analo. Ameliapia kaburi la Mama kwa ajili yangu. Namwondolea kiapo hicho hapa, kwa maandishi.

Mnaweza kusema hili ni neno langu dhidi ya neno la mtu mzima. Kwa hiyo naandika jambo ambalo mnaweza kwenda kuliona wenyewe. Jana, Jumatatu, tulirudi kuchukua nguo, mimi na Bibi na Mjomba. Umeme bado umekatwa. Bibi alipopita korido alinyoosha mkono kwenye swichi kwa mazoea ya miaka yote, akasimama.

"Nani kageuza swichi yangu?" alisema.

"Mama, dari imeungua na wewe unaangalia swichi?" Mjomba alisema, akanitazama mimi kama anayesema, unaona hali yake.

Lakini Bibi haoni vizuri, anaona kwa vidole. Kwenye kila swichi ya nyumba ile kuna neno dogo la kuwasha, limechongwa upande wa juu. Kwenye ile ya korido sasa limekaa chini, herufi zimesimama kwa kichwa. Mjomba aliirudisha miguu juu, na kwa kuwa hakukuwa na umeme hakuweza kuijaribu. Rangi ya ukuta kuizunguka imechanika upya. Bibi aligeuza uso upande wangu na kungoja. Hakuniuliza tena. Nami nilisimama pale na nguo zake mikononi, nikanyamaza, na usiku kucha nilimsikia kitandani kwa Bi. Haskell akiilaza nyumba isiyo na vitufe, na alipofika kwenye jina la Valdo alinyamaza na yeye.

Leo saa ya chakula cha mchana nilitoka shule bila ruhusa na kutembea hadi hapa. Mwalimu asilaumiwe.

Nasikia mlango wa mapokezi. Nasikia viatu vya Mpelelezi, na nyuma yake buti. Buti zile nazijua, zina chuma mbele, mguu wa kushoto unaburuta kidogo. Mkono wangu umeshika karatasi mpaka wino umenipaka kwenye mkono wa sweta. Zinakuja. Zimesimama mlangoni.

Nauondoa mkono.

Yote niliyoandika hapa niliyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, na nimeyaandika mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: Delfina M. Toste

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya yameandikwa na shahidi peke yake, kwa Kireno, nami nikasomewa baadaye na mkalimani wa idara. Nilipoingia na Bw. Gilberto Borba saa tisa na dakika ishirini alasiri, shahidi hakuwa ameifunika karatasi. Kabla sijaichukua, aliisogeza mezani upande wa mjomba wake. Wakati huo sikujua yaliyomo. Bw. Borba aliisoma kwa kidole hadi mwisho. Ilichukua muda mrefu. Kisha aliomba kiti. Alimuuliza shahidi jambo moja tu, ambalo mkalimani, aliyekuwa amefika wakati huo, alinitafsiria: "Kwani niliigeuza?" Shahidi alijibu kwa sauti: "Ndiyo, Mjomba." Bw. Borba yuko kituoni na ameomba wakili.

Saa kumi na moja jioni nilifika nyumbani Mtaa wa Quince pamoja na mpelelezi wa zimamoto. Bi. Idalina Borba alisisitiza kufuatana nasi, akatangulia ndani na kuweka kidole kwenye swichi ya korido kabla sijawasha tochi. Neno la kuwasha liko chini. Kwenye swichi nyingine zote tulizokagua, liko juu.

Saa kumi na mbili na nusu nilimjulisha Valdemar Toste kwamba dada yake ametoa maelezo na amemwondolea kiapo. Aliuliza, "Fina kasema?" Nilimjibu kwamba ameandika, na mwishoni amesema. Aliinamisha kichwa mezani kwa muda. Kisha alifungua kiganja cha kulia, akanionyesha alama ya kuungua, na kuomba karatasi.

Mpelelezi D. Oakes